Tulipotupa Baiskeli Juu ya Mashamba ya Cheri

Kaka yangu aliingia kwenye baiskeli akiwa ameshapita miaka arobaini, kwa bidii ileile ambayo watu wengine huingia nayo kwenye kanisa jipya. Alikuwa na mke, binti mmoja, na kazi ya kuogesha na kuvalisha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Ganshoren, pembeni mwa Bruxelles. Kuwainua kila siku kulikuwa kumemharibu mgongo. Wenzake wawili wa kazini, Wabelgiji, wakamshauri aende nao msituni na baiskeli ya milimani, misuli ikaze. Akanunua moja ya mtumba yenye matairi manene, akaanza kupotelea msitu wa Soignes kila Jumamosi na kurudi amejaa matope mpaka masikioni.

Nilimcheka sana. Kwetu Masisi, kule Kivu, baiskeli ni ya kubebea viazi na makaa. Mtu anaisukuma mlimani huku mzigo umemfunika, na sikuwahi kuona mtu akipanda mlima kwa raha zake. Sasa huyu mtu mzima, aliyevuka mipaka yote ile ili hatimaye akae chini apumzike, alikuwa anaitafuta milima kwa hiari yake.

"Yaya, tulitoka ku milima ile," nilimwambia, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Sasa uko naitafuta tena ya nini?"

"Ile tulipanda na muzigo ku kichwa," akanijibu. "Donc haihesabike."

Kila Oktoba yeye na wale Wabelgiji wawili walikwenda Uhispania wiki nzima. Si Uhispania ya baharini, ile ambayo majirani zangu wanaenda kujianika juani. Walikwenda ndani, upande wa Aragon, kwenye mashamba na vijiji ambavyo hakuna mtalii anayevijua. Akirudi, Jumapili baada ya misa alikuja jikoni kwangu hapa Jette, akaweka simu mezani kati ya sahani na kunionyesha njia zake. Zilikuwa mistari ya rangi juu ya ramani. Huu unapita katikati ya ngano, huu unafuata barabara ya zamani ya nyumbu, huu unakatiza vijiji na kila kijiji kina bomba la maji baridi uwanjani. Waliochora mistari ile ni watu asiowajua, waliopita na baiskeli zao kabla yake na kuwaachia wengine njia. Jambo hilo lilimfurahisha mno, kwamba mtu anaweza kupita mahali akamwachia mgeni njia.

Picha zake hazikuwa na makanisa wala vyakula. Zilikuwa za udongo. Baba yetu alikuwa mkulima na kaka hakuacha kamwe kuwa mtoto wa mkulima. Alikuwa akikuza picha kwa vidole viwili na kuniambia niangalie, udongo mwekundu, umejaa mawe kama mchele usiochaguliwa, na bado wanaulima. Mimi nilikuwa nakoroga sombe yangu ya majani ya muhogo na kusema ndiyo, ndiyo, naona.

Kisha akanigeukia mimi. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali kubwa hapa Jette. Kazi yangu ni kusimama, kuinama na kula mkate wa haraka kwenye ngazi, na presha ilikuwa imeshaanza kupanda. Kaka akaniletea baiskeli ya betri, akasema betri itafanya nusu ya kazi na mimi nitafanya nusu. Siku ya kwanza nilivaa kitenge juu ya ile bukta ya kubana, kwa sababu mama mzima wa Masisi hatembei mtaani akionyesha mapaja. Kitenge kikaingia kwenye cheni, nikaanguka pembeni ya bustani mbele ya wazee wa Kibelgiji waliokuwa wanatembeza mbwa wao. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Nilijifunza majira yote ya baridi, nikiwa na hasira muda mwingi, lakini nilijifunza, na sitasema uongo, niliipenda. Mteremkoni, upepo ukiingia kwenye mikono ya shati, nilisahau hata zamu zangu.

Mwaka huo mambo yalijipanga vibaya, ingawa wakati ule tuliona tumebahatika. Mbelgiji mmoja alifanyiwa upasuaji wa goti. Wa pili mke wake alikuwa karibu kujifungua. Likizo yangu nayo ikaangukia mwishoni mwa Mei badala ya Oktoba. Kaka akasema bora, Mei hakuna vumbi sana, twende sisi wawili. Kama wangekuwepo wale Wabelgiji, au hata mmoja wao tu, kaka yangu leo angekuwa hapa jikoni anakula na kuniambia nimezidisha mawese. Nalirudia jambo hili moyoni karibu kila siku, nikipika, nikipanda tramu, nikimbadilishia mgonjwa shuka.

Tulifikia kijiji kimoja bondeni, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya baa. Asubuhi tulikunywa kahawa pamoja na wakulima, kisha kaka alichagua mstari wa siku hiyo na tukaondoka. Ngano ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Kati ya mashamba kulikuwa na milozi iliyopandwa kwa safu, na mizabibu mifupi isiyofika kiunoni. Wakulima walitusalimu kwa kuinua kidole kimoja bila kuachia usukani wa trekta. Tulikutana na mchungaji mwenye kondoo wake, na kaka, kwa maneno yake machache ya Kihispania, akajadiliana naye kuhusu kwato muda mrefu kiasi kwamba nililala chini ya mti na kuamka bado wanajadiliana. Katika kijiji kimoja bibi kizee alitujazia chupa maji na kunipa lozi kiganjani. Zile zilikuwa siku nzuri. Naziandika hapa kwa sababu tangu hapo hakuna anayeniuliza habari zake.

Lakini nilichokiona kuliko vyote ni uzee. Kila kijiji kilikuwa na benchi, na kwenye benchi wazee, na nyuma yao nyumba zilizofungwa. Shule ilikuwa imegeuzwa ghala la mbolea. Mbao za kutangaza nyumba inauzwa zilikuwa zimepauka mpaka maandishi hayasomeki. Sikuona mtoto hata mmoja, na mimi mwanamke wa Kivu huwa namtafuta mtoto kwa macho kila ninapoingia mahali.

"Hapa ni kama ku kazi," kaka alisema, tukipita mbele ya benchi lingine. "Inabakia tu kubaogesha."

"Balikwenda wapi bantu ya hapa?"

"Ku miji. Barcelona, Madrid, ata Bruxelles. Balienda kutafuta kazi. Hakuna mwenye alibafukuza."

Sikuweza kulimeza. Mtu anaacha nyumba yenye paa la vigae, na kisima, na shamba lenye mpaka unaojulikana, na hakuna aliyempigia risasi. Nilimwambia kaka kwamba watu hawa ni wajinga. Akasema na sisi hatukurudi kwetu hata pale palipotulia, kwa hiyo ninyamaze niendeshe baiskeli.

Alhamisi alichagua mstari uliopanda mbali na bonde mpaka kwenye kijiji kisichokaliwa kabisa. Aliniambia wakati wa kahawa: hakuna mtu kule tangu zamani, tutapita katikati yake, halafu kuna mteremko mzuri wa kurudi. Kwa hiyo tulijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu askari mmoja wa Kihispania aliniuliza baadaye, na sura yake ilionyesha kwamba jibu langu halimtoshi. Tulijua, tulikuwa tumeambiwa, na ilikuwa imeandikwa kwenye ramani.

Tulifika jua likiwa kali. Milango mingine ilikuwa imeanguka, mingine ilikuwa wazi tu, kana kwamba mwenye nyumba ametoka sasa hivi. Kupitia mlango mmoja niliona fremu ya kitanda. Kupitia mwingine niliona sufuria sakafuni, imelala ubavu. Hakukuwa na kuku wala moshi, wala mbwa wa kutubwekea. Kaka alishuka akaanza kuikokota baiskeli, na gurudumu la nyuma lilikuwa linalia tik-tik-tik kama baiskeli zile zinavyolia zikikokotwa. Akaliinua kwa mkono ili lisilie. Na mimi nikainua langu, ingawa baiskeli ya betri ni nzito na mkono uliniuma. Hakuniambia niinue. Tulikipita kijiji kizima hivyo, watu wawili wazima wenye helmeti, tukibeba nusu ya baiskeli zetu katikati ya barabara isiyo na mtu.

"Tusikawiye hapa," alisema kwa sauti ya chini tulipofika nyumba ya mwisho.

Tukapanda, tukaanza kuteremka. Njia ilipita kati ya mashamba ya ngazi yaliyozuiwa kwa kuta za mawe. Upande wa kushoto ngano, upande wa kulia milozi ya zamani iliyomezwa na vichaka. Hatujafika mbali, ukalia mlio mmoja kama wa bunduki mbele yetu, bondeni. Kisha mingine miwili ikifuatana.

Kaka alitupa baiskeli. Nami niliitupa yangu palepale njiani. Alinigeukia, akanionyesha kwa mkono bila kufungua mdomo: wewe kule, mimi huku. Akaingia kwenye vichaka vya kulia, nami nikaingia kwenye ngano ya kushoto na kulala kifudifudi.

Inabidi nieleze, kwa sababu si kila msomaji amekulia tulikokulia. Utotoni, milio ikisikika karibu, familia yetu haikukimbia pamoja. Baba alitupanga. Kila mtu upande wake, ili wakimpata mmoja wasiwapate wote, na nyumba isifungwe kabisa. Na hakuna kuita. Hata jina moja. Waliokuwa wanatujia walikuwa wakisikia jina wanalitumia. Wanamwita mtoto kwa sauti ya upole kabisa, na mtoto anatoka. Kwa hiyo mdogo analala alipolala, hasogei, hatoi sauti, na mkubwa wake ndiye anayekuja kumtafuta mambo yakitulia. Mkubwa wangu alikuwa kaka. Alinikuta kwenye maharage, alinikuta kwenye mtama, alinikuta siku moja ndani ya shimo la kuivishia ndizi nikiwa nimesinzia. Kila mara alikuja. Katika miaka yote ile hakuna siku ambayo nilimsubiri kaka yangu asije.

Ndiyo maana kule kwenye ngano sikuwa na hofu kubwa. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Nilikuwa mtulivu, kama mtu anayefanya kazi anayoijua. Masuke yalinichoma shingoni na mdudu alinitambaa mguuni nikamwacha atambae. Simu ilikuwa kifuani. Niliitoa polepole na kuizima, maana simu ikilia inaua. Mapema kabisa nilisikia mawe yakiporomoka upande wa kaka, kisha kitu kizito, kisha kimya. Nikajiambia amepata mahali pa kujificha.

Milio iliendelea. Inanyamaza, unafikiri imekwisha, inaanza tena. Na kila mara ilikuwa ileile: mmoja, kisha miwili ikifuatana. Mtu mwenye akili angejiuliza ni jeshi gani linalopiga kwa utaratibu wa namna hiyo. Mimi nina cheti cha kazi yangu, nina makaratasi ya Ubelgiji, naongea Kifaransa na Kiholanzi cha kunitosha kazini, na vyote hivyo sikuwa navyo pale chini. Nililala. Jua lilihama kutoka mgongoni mpaka ubavuni mwangu.

Likaja trekta. Nililisikia likisimama njiani, kwenye baiskeli zetu. Mzee mmoja mwenye kofia nyekundu akashuka, akazitazama, akaanza kuita. Aliita kwa upole, neno lilelile mara nyingi, akigeuka huku na huku, mkono umekinga macho. Nilijibana kwenye udongo nikaacha kupumua. Alipanda tena, akapiga honi, akasubiri. Mimi nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona hatatupata.

Alikata tamaa akaendelea kuteremka, na kwa kuwa nilikuwa juu yake, nilimwona vizuri alipofika chini. Kulikuwa na miti ya cheri, mistari na mistari, imejaa matunda mekundu. Alitoa kwenye tela mtungi wa gesi, kama huu wa jikoni kwangu. Akainama kwenye kitu kilichokuwa chini ya mti, kitu chenye bomba nene la rangi ya samawati, akafungua mtungi wa zamani na kufunga mpya. Kisha akarudi nyuma na kuziba masikio. Bomba likalia, moja, kisha mbili. Ndege wengi wadogo weusi wakaruka kutoka kwenye miti, wakazunguka, wakaenda kutua mbele kidogo.

Nilikaa pale kwenye ngano nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kwa jinsi nilivyojiona, mama mwenye bukta ya kubana, amejificha kwa sababu ya ndege. Kisha nikasimama na kuita. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwita kaka mahali pa namna ile.

"Yaya, toka," niliita. "Ni ndege. Banafukuza ndege ku matunda. Toka, tumekuwa bajinga."

Hakutoka. Nikaita tena, nikimtania, nikisema nitawasimulia Ganshoren nzima. Nilidhani anaona haya. Kisha nikakasirika, kwa sababu mzee wa trekta alikuwa ameshanisikia na anapanda kuja kwetu, na sikutaka anione nikizungumza na vichaka. Nikavuka njia, nikaingia upande wake.

Mita chache tu kutoka njiani shamba la ngazi lilikuwa linaishia, na ukuta wa mawe ulikuwa umefunikwa na vichaka kiasi kwamba huwezi kujua kuna ukuta. Chini yake ni korongo kavu lenye mawe. Alikuwa kule chini. Mzee wa trekta alifika pale kabla yangu, kwa kuwa alijua mahali pa kushukia. Alivua kofia yake, na kwa kofia ile nikajua.

Mwili wake bado ulikuwa na joto, na mimi najua kupima joto la mwili. Glavu ya baiskeli ilikuwa kati ya meno yake. Aliivua mwenyewe akaiuma ili asitoe sauti. Kwetu mama wengine walifanya hivyo kwa watoto wachanga, kwa kipande cha kitenge. Na hakuwa pale alipoangukia. Mawe yalionyesha alikoangukia, na yalionyesha kwamba kutoka pale alijiburuta mpaka chini ya ukuta, upande wa njia, upande wangu. Alikuwa anakuja kunitafuta. Daktari wa kule alieleza kupitia mkalimani kwamba damu ilivujia ndani, polepole. Neno hilo, polepole, sikulihitaji.

Yule askari aliniuliza kwa nini sikuita. Binti aliyekuwa anatutafsiria kwa Kifaransa alirudia swali, akidhani sikuelewa. Nilimjibu kwamba sijui Kihispania. Walitazamana, kisha wakaniletea maji.

Kilio kiliwekwa Ganshoren, nyumbani kwake, viti vimeazimwa parokiani na vingine vimepangwa mpaka kwenye ngazi za jengo. Watu wa Kivu walijaa, kutoka Matonge, kutoka Liège, wengine kutoka Paris. Wale Wabelgiji wawili walikuja na maua, wakasimama kwenye korido kwa sababu hawakujua waketi wapi. Yule mwenye goti alikuwa anatembelea magongo. Aliniambia kwamba hata kwao Wallonie mashine zile zipo kwenye mahindi, na utotoni walikuwa wanashindana nani atakuwa wa kwanza kuuiga mlio wake. Akaanza kulia. Nilimshika mkono, na nilikuwa na hamu ya kumpiga.

Kwetu anayefika kilioni lazima asimuliwe jinsi ilivyotokea, na msimulizi nilikuwa mimi peke yangu. Alasiri nzima nilisimulia. Anaingia mtu, anaketi, wanamwacha apumue, kisha wananitazama na mimi naanza upya. Na hawa hawakuniuliza kama yule askari. Wao waliuliza mambo mengine.

"Kila mutu alishika upande wake?" aliuliza mzee mmoja wa Rutshuru, papa kama tunavyowaita wazee wetu.

"Ndiyo, papa. Kila mutu upande wake."

"Na simu?"

"Niliizima."

"Mulifanya muzuri," akasema, na wanaume waliokuwa karibu naye wakatikisa kichwa kukubali.

Maman mmoja wa kutoka Walikale, ambaye alizika watoto wake wote kabla ya kufika Ulaya, alinivuta karibu na kuniwekea kiganja kichwani. "Na haukuita," alisema, na hakuwa anauliza.

"Sikuita, maman."

"Njo vile, mwanangu. Njo vile." Yaani ndivyo inavyotakiwa.

Walinipa hiyo sifa mmoja baada ya mwingine, wote kwa moyo safi. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Kaka naye alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Hakuna mtu katika chumba kile angefanya tofauti, na nilipowatazama niliona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametoka kule, wala mimi, pamoja na funguo zetu za nyumba na vitambulisho vyetu. Wanawake walikuwa wanalia kama inavyopaswa kilioni. Mimi sikuweza. Tangu Alhamisi ile machozi yalikuwa yanatoka bila sauti, na wifi yangu alikuwa ameshaninong'oneza mara mbili kwamba watu wanaona.

Binti wa kaka alikuwa ameketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Alizaliwa hapa Jette na anaelewa Kiswahili chote ingawa anakijibu kwa Kifaransa, au kwa mchanganyiko wake mwenyewe. Alikuwa amenisikiliza nikisimulia alasiri nzima, tangu msikilizaji wa kwanza. Nilipomaliza tena, na maman mwingine akasema nilifanya vizuri, aliinua kichwa.

"Tantine," alisema. "Mais pourquoi haukumuita papa?" Alikuwa ananiuliza, mimi shangazi yake, kwa nini sikumwita baba yake.

Papa wa Rutshuru akakohoa. "Mutoto," akasema, "ile ni mambo ya bakubwa. Weye haujue."

"Alikuwa pale karibu," akasema mtoto, akinitazama mimi tu. "Uko nasema ni njia tu iliwatenganisha. Alikuwa pale, tantine. Kama ungemuita, angesikia."

Wifi akamshika bega anyamaze. Mimi nikaanza kumweleza habari za babu yake, kwamba kila mtu upande wake, kwamba mdogo hasogei, kwamba jina halitajwi. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimeshazoea kusimulia siku hiyo. Alinisikiliza kwa makini, uso umekunjamana, kama mtu anayesimuliwa desturi za nchi ya mbali, na katikati ya maneno yangu nikatambua kwamba yalikuwa mageni kwake. Hajawahi kuyasikia. Baba yake, aliyemfundisha mtoto huyu kuogelea, kuziba pancha, kupika ugali usio na madonge na kuvuka barabara, miaka yote hiyo hakumfundisha kanuni ile hata siku moja, na kaka yangu hakuwa mtu wa kusahau.

"Mimi ningemuita," mtoto alisema nilipomaliza. Hakusema kwa hasira. "Ningemuita mpaka anijibu."

Maman wa Walikale alianza kusema kwamba watoto wa huku hawajui kitu, na nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu wa umri wake.

"Najua ungemuita," nilimwambia binti wa kaka yangu, na hapo sauti ikanitoka, nikalia kwa nguvu zangu zote mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakafungua milango yao.